Siku Niliyocheka na Mama Mkwe Gizani

Mama mkwe wangu alinipiga makofi matatu ya mgongo kabla sijajua kwamba ni mama mkwe wangu.

La kwanza lilikuwa la furaha. La pili la furaha zaidi. La tatu lilinimwagia karanga zangu zote chini.

Mwanga ulipoingia, nusu ya kijiji cha Wamaza ilikuwa imesimama, mkono mdomoni.

Nikajua uchumba wangu umekufa. Tena umekufa hadharani.

Ngoja niwaeleze toka mwanzo, maana wengi mtasema natunga.

Naitwa Gédéon, kijana wa Kasongo. Nina diplome ya ualimu, na wakati huo sikuwa na kazi. Nilichokuwa nacho ni kompyuta moja, projekta ya kuazima, na wazo ambalo rafiki zangu walilicheka hadi wakachoka.

Nilitaka kuzunguka vijijini kuonyesha filamu bubu.

"Filme bubu?" akauliza Fadhili. Fadhili ni motari, anabeba watu kwa pikipiki, tumesoma naye tangu darasa la kwanza. "Yaani mutu anafungua kinywa na sauti haitoki? Si hiyo iko kama televizyo ya baba yangu? Ile imeharibika, hatuiiti filme."

Nikamweleza. Filamu yenyewe ina karibu miaka mia. Haina Kifaransa wala Kiingereza, kwa hiyo haimwachi mtu nyuma. Bibi anayejua Kibangubangu peke yake atacheka sawasawa na profesa.

"Weye Gédéon, moyo wako iko laini kama ndizi ya jana," akasema.

Lakini akafunga jenereta nyuma ya pikipiki, tukaondoka.

Kitu kimoja Fadhili hakukiuliza, na mimi sikukisema. Kwa nini nianzie Wamaza?

Kwa sababu Wamaza ndiko kwa kina Nadine.

Nadine ni mchumba wangu. Tulisoma chuo kimoja, tukapendana, na arusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa bukwe, yaani miiko ya ukwe.

Kwa ukoo wa kina Nadine, mwanaume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawasemezani. Hawakai benchi moja. Na kucheka pamoja? Hiyo ni aibu ya kuvuliwa nguo sokoni. Ikitokea kabla ya arusi, uchumba umevunjika, hakuna rufaa.

Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa mjomba wake Nadine, mzee Bruno. Mtu mrefu, koti la kahawia hata kwenye jua la saa saba, na meno ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Hakunipenda tangu mwanzo.

"Diplome hailimi," ndivyo alivyonikaribisha.

Siku ya kwanza tu nilikutana na Mama Régina, mama yake Nadine, kwenye njia ya mtoni. Kuona kitenge kinakuja, nikaruka kushoto majanini. Naye, kwa heshima, akafunika uso akaruka upande huohuo. Nikaruka kulia. Naye kulia!

Nikaona nimalize mambo. Nikaruka mbali kwelikweli.

Nikatua kwenye shimo la kuloweka muhogo.

Nilinuka siku mbili. Watoto waliniita "Bwana Muhogo" hadi naondoka.

Jumamosi saa tisa mchana tukaandaa darasa la shule. Madirisha tuliyaziba kwa mikeka na mablanketi, giza likakubali. Shuka jeupe tukalitundika ubaoni. Watu wakajaa hadi wengine wakakaa juu ya wengine. Bruno hakuja. Alituma ujumbe kwamba yeye haangalii upuuzi.

"Na mama?" nikamnong'oneza Nadine.

"Iko shambani. Amesema atarudi jioni. Kaa kwa amani."

Nikakaa, kwenye benchi la nyuma, gizani, na karanga zangu.

Filamu ikaanza. Kijana mmoja mwembamba, mpeleka barua, shingo kama ya kuku, anataka kuoa. Amenunua bata mkubwa wa kumpelekea baba wa msichana. Basi. Hiyo ndiyo habari yote. Kutoka nyumba yake hadi nyumba ya msichana ni mtaa mmoja tu, lakini bata amekataa.

Nilikuwa nimejiandaa kusimama na kuwaeleza. Sikupata nafasi.

"Huyu ni mukwe!" mama mmoja akapiga kelele mbele. "Anapeleka mahari!"

Darasa likalipuka. Bata akaingia kanisani, akapanda kwenye kinanda. Bata akaingia bafu la wanaume. Polisi akavaa kofia yake bila kujua bata ameshalala ndani. Watu walikuwa wanamshauri yule kijana kana kwamba anasikia.

"Mushike miguu! Miguu, weye mujinga, haiko shingo!"

Kando yangu alikuwa amekaa mama mmoja aliyejifunika kanga hadi kichwani. Huyo ndiye alinimaliza. Alicheka kwa kuvuta pumzi ndani, kama mlango mkavu, halafu kofi: pa! mgongoni kwangu.

"Nakufa miye! Nakufa!"

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikacheka, nikamwegemea, nikamjibu, "Usife mama, bado haijaisha!"

Ndipo likaja kofi la tatu. Na filamu ikaisha. Na Fadhili akavuta blanketi la dirishani.

Kanga ilikuwa imeteleza mabegani.

"Mama?" akasema Nadine.

Sitaki kueleza ukimya ule. Filamu bubu ilikuwa na kelele kuliko sisi.

Kesho yake baada ya misa tuliitwa uwanjani kwa Bruno. Wazee wamekaa. Nadine macho mekundu. Mama Régina amegeuza kiti, anaangalia ukuta, asinione.

"Bukwe iko sheria, haiko mchezo," akaanza Bruno. "Walikaa benchi moja. Walicheka. Kijana alimwegemea! Uchumba umekwisha. Arudi Kasongo na mashine yake."

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Sasa nikawa mimi ndiye televizyo ya baba yake Fadhili.

Ndipo Mama Régina akauambia ukuta, "Nadine mwanangu, mwulize mujomba wako swali. Yeye aliona ile filme?"

"Sikuiona na sitaiona," akajibu Bruno.

"Mwambie basi, anahukumu kitu asichokijua. Aende aione. Akiimaliza bila kucheka, miye nimekosa, kijana aende zake leo hii. Akicheka, basi kosa haikuwa yetu. Kosa ilikuwa ya bata."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema hiyo ni haki kabisa. Niliona machoni mwake hamu ya kumwona bata tena.

Bruno akafunga kifungo cha koti. "Miye? Nicheke bata? Twende."

Jamani, sijawahi kuombea filamu kama siku ile.

Darasa lilijaa mara mbili ya jana. Bruno alikaa mbele, mikono kifuani. Lakini safari hii hakuna aliyeangalia shuka. Watu wote walikuwa wanaangalia Bruno. Ukichungulia gizani uliona nyuso zimegeukia koti moja la kahawia.

Bata kanisani. Bruno, jiwe.

Bata bafuni. Bruno, jiwe.

Polisi na kofia yake. Taya la Bruno likacheza kidogo.

"Anatafuna nini?" Fadhili akanong'ona.

"Anatafuna kicheko," nikasema. "Na ninaona atakimeza."

Akakimeza. Dakika zikaisha. Nadine alikuwa mlangoni, ameshika kitasa kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Nikaanza kuhesabu kilichobaki: sehemu moja tu.

Kijana anafika kwa msichana, ameloa, nguo zimechanika. Baba anafungua kikapu. Bata hayumo. Limo yai moja.

Kijana analitazama yai. Anapiga magoti. Analitoa kwa mikono miwili, na uso wa mtu aliyeleta ng'ombe kumi.

Bruno, jiwe bado.

Kutoka benchi la nyuma kabisa, sauti nyembamba ya kizee ikasema:

"Bruno! Si hiyo ndiyo mbuzi yako?"

Nilimwona Bruno akikakamaa.

Sauti ile ilikuwa ya Bibi Mwamvita, mama wa mke wake. Wengine walinisimulia baadaye. Miaka ishirini na miwili iliyopita Bruno alikwenda kuposa na mbuzi. Mbuzi akakata kamba njiani, akapotelea porini. Bruno akafika kwa wakwe na kamba peke yake. Na akaitoa kamba ile kwa mikono miwili, magoti chini.

Miaka yote hiyo mama mkwe wake hakuwahi kumwambia neno. Hili ndilo lilikuwa la kwanza.

Mabega ya Bruno yakaanza kutikisika. Halafu ikatoka sauti kama pikipiki inayokataa kuwaka. Ikakohoa. Ikakohoa tena.

Ikawaka.

Alicheka mzee yule hadi kiti kikamwacha. Alikuwa chini sakafuni, anapiga sementi kwa kiganja, "Kamba! Nilimupa kamba!" na huko nyuma Bibi Mwamvita analia kwa kicheko, wote wawili, chumba kimoja, mkwe na mama mkwe wake.

Blanketi likaondolewa. Bruno akasimama, akajipangusa macho kwa mkono wa koti. Akatuangalia mmoja mmoja, na hatimaye mimi.

"Hii filme haina sauti," akasema.

"Ndiyo, papa," watu wakajibu.

"Basi jana na leo hakuna aliyesikia kitu humu ndani."

"Hakuna, papa!"

"Arusi iko palepale."

Tulioana baada ya wiki tatu.

Usiulize kama bata alikuwepo. Alikuwepo, na alikimbia.

Mwezi mmoja baadaye, tunachambua sombe, majani ya muhogo, nyumbani Kasongo, Nadine akaanza kucheka peke yake.

"Mama hakuwa shambani siku ile," akasema.

"Alirudi mapema?"

"Hakwenda. Alinidanganya na mimi. Aliingia akauliza weye uko wapi, akakaa kando yako makusudi."

Nikaacha sombe.

"Aliniambia: mutu simwangalii, simsemeshi, nitamupaje mutoto bila kumjua? Nikakae karibu nisikie anacheka wapi."

"Na nilicheka wapi?"

"Kila mahali. Lakini unakumbuka kijana amekaa kwenye ngazi, mvua inanyesha, anagawana mkate wake na yule bata? Bata anakula mkate wote, anakula na kofia. Watu wote walicheka. Mama anasema weye ulikuwa unavuta kamasi."

"Lilikuwa vumbi," nikasema.

"Mama alisema utasema vumbi."

Nikauliza swali la mwisho, ingawa jibu nilishaanza kulihisi. "Na Bibi Mwamvita, yule mzee asiyetoka nyumbani, nani alimleta darasani?"

Nadine akatabasamu kama mtu aliyeshikwa. Alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza nikaona amefanana na mama yake.

Aliyetengeneza filamu ile alikufa zamani, na sidhani aliwahi kusikia jina la Wamaza. Alimtengeneza mtu anayejaribu, anashindwa, kisha anatoa kilichobaki kwa mikono miwili. Mtu huyo hahitaji kutafsiriwa. Ndiyo maana hazeeki.

Hilo ndilo funzo langu: ukitaka kumjua mtu, usimsikilize anachosema. Kaa naye mbele ya kitu cha kuchekesha, usikie anapokaa kimya.

Tangu gizani mle hadi leo sijazungumza na mama mkwe wangu hata neno moja.

Na hakuna mtu duniani anayenijua kama yeye.