Muuguzi Asiyeitikia Salamu Akijifunga Kitambaa Chekundu

Saa mbili na nusu asubuhi muuguzi anafungua jokofu la chanjo, anasoma kipimajoto, anaandika tarakimu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kisha anafanya jambo la kumshangaza mgeni yeyote. Anachomoa kitambaa chekundu mfukoni mwa sare yake nyeupe, anajifunga kichwani, anakaza fundo kisogoni.

Korido nzima inanyamaza.

Kwenye mabenchi wamo watu hamsini na wanane, watoto wa mgongoni hawajahesabiwa. Bibi mmoja anaingia taratibu na fimbo yake. Ni mara yake ya kwanza kufika hapa tangu ahamie kwa mwanawe.

"Hamjambo humu? Sista, hujambo mwanangu?"

Muuguzi hageuki. Anavuta dawa kwenye sirinji, anaiinua usawa wa macho, anaigonga kwa ukucha.

"Sista! Nakusalimia!"

"Bibi, kaa kwanza," ananong'ona fundi baiskeli mwenye kidonda mguuni, mwenyeji wa benchi la mbele kwa wiki ya tatu sasa. "Kitambaa kimefungwa."

"Kimefungwa ndiyo nini? Kimemziba masikio?"

"Atakujibu. Salamu yako haipotei, iko foleni kama sisi."

Watu wanachekea puani. Bibi anakaa, mdomo ameuvuta.

Baada ya watoto sita kuchomwa, fundo linafunguliwa. Muuguzi anatoka moja kwa moja hadi kwa bibi, anapiga goti dogo. "Shikamoo bibi. Uniwie radhi. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Kumbe mdomo unao."

Hapo hata muuguzi mwenyewe anacheka. Anawasalimia wengine kwa mafungu, benchi kwa benchi, kisha anakifunga tena.

Kwa watu waliolelewa wakijua kwamba kupita bila salamu ni kumtukana mtu, utaratibu huu umetoka wapi? Na kwa nini wanaukubali?

Ukitaka kujua, anza na ukuta wa chumba cha sindano. Ratiba ya zamu iliyobandikwa pale ina majina manne. Mmoja amestaafu. Mwingine amehamishwa. Wa tatu alikwenda kujifungua, akaunganisha na masomo. Amebaki mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, ambaye wagonjwa wanamwita Sista Taratibu. Ni mwezi wa kumi na moja yuko peke yake.

"Majina yao sijayafuta," anasema. "Nikiyafuta, mtu akija ataona kama nilianza peke yangu, ataona ni kawaida."

Kwenye chumba cha kwanza yupo tabibu, anayepima na kuandika. Yupo na mama msafishaji, ambaye siku hizi anajua hata bandeji iko kabati gani. Yaliyobaki yote ni ya muuguzi: sindano, chanjo, vidonda, wajawazito, na vitanda viwili vya wenye dripu. Chai anainywa wima. "Ikishapoa naimeza kama dawa tu," anasema.

Kitambaa kilizaliwa mwezi wa nne wa upweke huo, siku ya chanjo ya surua.

Mama mmoja alileta mapacha, wasichana wa miezi tisa, wamevikwa nguo sare hadi soksi. Muuguzi alimchoma wa kwanza, akamrudisha mapajani kwa mama, akageuka kuandaa sirinji ya pili. Hapo akaingia mzee anayemheshimu, baba wa rafiki yake.

"Mtu mzima anakusalimia, utafanyaje?" anauliza. "Nikaitikia. Akaniuliza wanangu, nikamuuliza mgongo wake. Akaulizia na mama yangu mzazi. Haikufika dakika tatu. Lakini mle ndani mama wa watoto alikuwa amewabadilisha mikono, mmoja kalala, mmoja analia. Nikamchukua anayelia."

Alijaza kadi mbili, akaendelea na kazi. Mchana, akiwa anafunga kidonda cha mtu mwingine kabisa, wazo likamjia. Mmoja wa wale mapacha alilala tangu alipoingia hadi alipotoka. Ni mtoto gani anachomwa sindano asiamke?

Alipotoka kazini hakwenda kwake. Alitafuta nyumba ya mapacha kwa kuulizia, akapiga hodi, akaomba kuona mikono yao. Mmoja alikuwa na matundu mawili. Mwingine hakuwa na hata moja.

"Nilimwambia yule dada palepale, kosa ni langu. Nilimweleza kwamba chanjo ile ikizidi kwa kawaida haimdhuru mtoto, lakini nitakuja kumwangalia kila siku. Nilimwomba Mungu anisimamie."

Mama wa mapacha, anayeuza nguo za mitumba, anakumbuka jioni ile bila kupepesa macho. "Nilimfukuza! Nikamnunia wiki nzima, na yeye haachi kuja. Anapiga hodi, anapima joto, anaondoka, mimi hata maji simkaribishi. Siku ya saba nikajiuliza, hivi angenyamaza mimi ningejulia wapi? Nikampelekea yule mwingine amchome."

Watoto wote wawili ni wazima. Siku hizi wanatembea, na mmoja ana tabia ya kumng'ata mwenzake.

Muuguzi aliandika kosa lake kwenye daftari la zahanati kwa mkono wake. Jumatatu iliyofuata akaja na kitambaa, akawatangazia watu wa mabenchini: kikiwa kichwani anapima dawa, asisemeshwe, hata kwa salamu. Anayezidiwa tu ndiye apige ukuta mara mbili.

Wengi walielewa. Wachache waliona ni maringo. Na mmoja wao akapeleka malalamiko.

Ndiyo maana saa nne asubuhi hii msimamizi wa afya anaingia na bahasha kwapani. Ni mwanamume mnene, mpole wa sauti. Anamkuta muuguzi na kitambaa kichwani.

"Habari za kazi, sista?"

"Shhh!" Mabenchi manne kwa pamoja.

"Mzee, tafuta pa kukaa," fundi baiskeli anamwambia, akimsogezea nafasi. "Foleni inaishia kwa yule dada wa kikapu."

Msimamizi anakaa, bahasha mapajani. Anakaa muda mrefu. Ukuta unapigwa mara mbili: kijana wa dripu anatapika. Muuguzi anaweka sirinji chini, anakimbia, anarudi, anaimwaga dawa aliyokwisha kuipima na kuanza upya. Mjamzito anaomba apimwe presha. Tabibu anaita. Simu ya zahanati inalia hadi inachoka.

Wanapoingia ofisini, barua inasomwa. Muuguzi anatakiwa aahidi kwa saini kuacha kitambaa na kuongeza kasi.

"Ukisaini, yamekwisha," anasema msimamizi. "Usiposaini, itabidi nipendekeze uhamishwe. Mimi nimetumwa tu, dada yangu."

"Nikihamishwa, chumba hiki nani atakaa?"

"Hilo silijui."

Kalamu iko mezani. Wawili kati ya watoto wake bado wako shuleni, na mumewe ni seremala wa vibarua vya leo vipo kesho havipo. Uhamisho ungeigawa nyumba yake. Anaitazama ile kalamu, midomo inacheza kidogo, kama mtu anayesali.

"Kaka yangu, sisaini," anasema hatimaye. "Nilishamchoma mtoto mmoja mara mbili kwa sababu ya adabu. Nitakivua siku mtakayoniletea mtu wa kuitikia salamu."

Msimamizi anakuna kidevu. "Nimekaa pale saa moja na dakika kumi," anasema. "Umeitwa mara thelathini na moja. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, vikaisha nikarudia." Anaichukua barua, anaandika hayo chini yake, anairudisha kwenye bahasha. "Siahidi kitu. Lakini wataisoma hivi."

Zilipita siku kumi na sita bila neno. Mumewe alikiri kwamba alishaanza kuulizia bei ya kusafirisha kabati.

Siku ya kumi na saba, Alhamisi, mwanamke kijana alisimama mlangoni na barua ya ofisi. Ni muuguzi aliyeazimwa kutoka hospitali kubwa, Jumatatu na Alhamisi, siku za chanjo, kwa miezi sita. Barua haikutaja uhamisho wa mtu yeyote.

Ni msaada mdogo kwa pengo la watu watatu, na Sista Taratibu hasiti kulisema hilo. Amekwisha kuandika barua nyingine, ya kuomba wawili waliobaki. Ana mpango wa kuipeleka mwenyewe mkononi, siku ya Alhamisi, kwa kuwa sasa ana siku ya kutoka.

Jioni ile ya kwanza alimkabidhi mwenzake zamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa karibu mwaka mzima. Ilimchukua dakika arobaini. Kitanda cha kwanza, dripu iishe saa kumi na mbili. Kitanda cha pili, mama huyu akikwambia hajambo usimwamini, mpime. Alitoka, akafika getini, akarudi kusema kwamba mama huyo hapendi dirisha wazi.

"Dada," alisema yule kijana, akimshika mabega na kumgeuza kuelekea barabarani, "nimesikia yote. Nenda nyumbani."

Akaenda. Mumewe anasema alikula, akaoga, akalala kabla hata watoto hawajamaliza kuosha vyombo, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana hakuongea usingizini.