Nilimpeleka jogoo ofisini, binti yangu akakosa kazi

Admin, jina langu lifiche na namba yangu usiitoe, maana hapa Pasiansi nafahamika kuliko mwenyekiti wa mtaa. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mke wangu alishatangulia. Shule niliishia darasa la nne, lile la zamani, ambalo ni sawa na fomu foo yenu ya leo. Ujumbe huu nimeuandika kwa kidole kimoja siku tatu, sijasaidiwa na mtu. Nimechoka kukaa nao.

Nyumbani nimebaki na binti yangu wa mwisho. Ana diploma ya mambo ya chakula, mwaka wa nne huu hana kazi. Mimi kazi sikuwahi kuikosa. Kiwanda cha pamba kule Magu nilisimama getini asubuhi moja tu, mnyapara akaniambia, "Fungua mikono," akaitazama, nikaingia. Baadaye mnyapara nikawa mimi, watu wakawa wananipisha njia. Wanangu watatu wa kiume wote niliwatafutia kazi kwa miguu yangu. Unavaa koti, unabeba kitu mkononi, unakwenda kwa mkubwa unamwambia huyu ni mwanangu, akiharibu njoo unikamate mimi. Sikurudi bure hata mara moja.

Huyu binti akaniambia, "Baba, siku hizi getini hawataki watu. Unaomba kwenye simu, unajirekodi video unawatumia." Akaomba kampuni moja ya samaki. Siku moja nikamkuta ametundika shuka jeupe ukutani, juu kavaa blauzi ya kanisani, chini kanga, anaongea peke yake na simu ameiegemeza kwenye sufuria. Anajieleza, anatabasamu, anafuta, anaanza upya. Akaniomba nizime redio. Nikamwambia, "Mama, watu wazima wanaongea na watu. Wewe unaongea na sufuria."

Akacheka. "Hii sufuria ndiyo itatulisha, baba."

Ikaja meseji kwamba amepita. Ikaja ya pili, amepita tena, wamebaki watu watatu. Walikuwa wameziona hata zile video zake anazoweka mtandaoni, anaonyesha namna ya kumjua samaki aliyeanza kuharibika. Watu wasiomjua baba yake wala babu yake wamemkubali. Hapo ndipo nilipoumia, na hili hata padri sijamwambia. Mtoto wangu anapata kazi na mimi sijatia mguu.

Nikajiambia simu haiwezi kujua ukoo wa mtu. Jumatatu nikamwambia binti nakwenda Magu kumwona mgonjwa. Alipotoka kwenda sokoni nikavaa koti, nikamfunga miguu jogoo wangu mwekundu, nikaenda kwenye ile ofisi. Ndani mna baridi kama stoo ya samaki. Akaja dada mmoja, umri wa mjukuu wangu, ndiye mkubwa wa mambo ya kuajiri. Akaniamkia vizuri. Nikamtajia majina ya binti yangu yote matatu, nikamweleza ukoo wetu, nikamlaza jogoo juu ya meza yake. Akachafua karatasi. Vijana wa pale wakainua simu wapige picha, yule dada akawakataza.

Akaniambia polepole, "Mzee wangu, ungebaki tu nyumbani. Huyu binti alikuwa anaongoza."

Nikamjibu, "Basi mimi nimekuja kumalizia."

"Umemalizia kweli, mzee," akasema. Akanisindikiza mpaka nje, jogoo kanibebea yeye mwenyewe. Nikajua nimeheshimiwa. Njia nzima nilikuwa najisifu moyoni.

Alhamisi ikaja meseji kwamba ombi lake limefutwa, kuna mtu alifika ofisini na zawadi kwa niaba yake, na utaratibu wao haukubali. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Waliojua naomba pale ni wewe na mjomba." Kisha akaniuliza, "Jumatatu ulikuwa Magu, ee?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ni mjomba."

Akampigia mjomba wake palepale, akamwambia maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Mwezi sasa hamsalimii, kanisani wanakaa mabenchi ya mbali. Mjomba mtu alinijia akaniambia, "Shemeji, mimi hiyo ofisi hata sijui iko upande gani." Nikamjibu, "Mtoto ana hasira, zitapoa." Nilimtazama usoni nikisema hivyo.

Mimi bado nasema mtu aajiriwe akiwa ameonekana uso, hilo hamtanibadilisha. Lakini lile shuka limerudi kitandani. Sijamwona tena akiongea na simu. Jogoo nilitaka kumchinja, binti akakataa, akasema mwache, ndiye ananiamsha. Anaamka kwenda wapi, sijui.

Sasa sikilizeni. Visa vyenu mimi sivisomi, macho yangu yanachoka upesi na maandishi madogo. Ananisomea yeye, kila jioni tukishakula, ndivyo nilivyoujua ukurasa huu. Wengine tunawacheka, wengine anawahurumia. Na hiki atanisomea. Nilifikiria kuwaambia mbadilishe jogoo awe mbuzi, na Pasiansi iwe kwingine, nikaona nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Acheni kama kilivyo. Mdomo wangu umeshindwa, labda wake utaweza.

Najua hatavuka pale kwenye sufuria. Atanyamaza, na mimi nitakuwa kwenye kiti changu, hatua mbili kutoka alipo. Nishaurini ndugu zangu, akinyamaza nimwambie nini? Majibu yaandikeni mafupi. Ni yeye atakayenisomea.