Kibuyu cha Kogo na Sabuni Yangu

Nakiri kabla hamjaniuliza: ni mimi niliyesimama katikati ya sebule iliyojaa wakwe, siku ya posa ya watu, nikatamka neno "sumu". Kwa miaka mingi nimelikwepa jambo hili, na kila mtu anapolianzisha mezani mimi hukumbuka ghafla kwamba nina madaftari ya kusahihisha. Leo nitalisema lote, nikiwaomba tu mcheke kwa kiasi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu na Tabora yangu yenye jua la kupasua udongo, nikavuka mpaka kwenda kufundisha sayansi katika shule ya sekondari ya kanisa karibu na Litein, kwa Wakipsigis, nikiamini kwa moyo wote kwamba elimu haina mipaka (niliamini mambo mengi wakati ule). Hakuna aliyenionya kuhusu Julai. Kipupwe cha nchi ile ya chai ni ukungu asubuhi na mvua ya mawe alasiri, kuni zinatoa moshi bila moto, na shati ulilofua Jumapili unalivaa Alhamisi likiwa bado na unyevu. Nikaanza kurudi kutoka shuleni saa kumi na kujilaza na viatu vyangu, nikaacha kuandika barua nyumbani, na redio ikipiga muziki wa kwetu nikawa naizima.

Aliyenigundua ni Kiprono, mwalimu wa historia. Alifika Jumapili moja na Atieno, karani wa kiwanda cha majani chai, ambaye naye alikuwa mgeni pale kutoka upande wa ziwa.

"Mwalimu, unaoza kwa nyumba," alisema Kiprono akiwa mlangoni. "Tumekuja kukutoa."

"Hata mimi mwaka wa kwanza hapa nililia," akasema Atieno. "Lakini mimi nilikuwa nalia nikikula. Wewe umekonda kama fito."

Wakaamua kwamba kila Jumapili tungekutana, kwa zamu katika nyumba zetu, na kila mtu alete kitu cha kwao. Atieno alileta omena, wale dagaa wa ziwani, na vichekesho, Kiprono alileta nyimbo, nami nikawafundisha ngoma za Wanyamwezi katika chumba ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Sitasahau nilivyocheka Jumapili ile ya kwanza, mpaka nikashangaa kuisikia sauti yangu. Ndipo, kwa shukrani iliyozidi kipimo, nikatangaza kwamba zamu ya kukutana kwangu ikifika nitawaandalia mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu ambayo Wakipsigis huwaheshimu nayo wageni wao, na nitayaandaa kwa mikono yangu mwenyewe. Huo ndio uamuzi mdogo ninaoujutia.

Kibuyu nilikiazima kwa mwenye nyumba wangu, bibi mmoja mjane ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alinipa kile kizuri kuliko vyote, chenye mkanda wa shanga na kauri shingoni.

"Hii ni ya wageni wakubwa, Mwalimu. Ilikuwa ya mama yangu. Uichunge."

Nikakipeleka chumbani, nikachungulia ndani, nikaona kweusi tititi. Sasa fikirini: ni wiki ileile niliyokuwa nimewahutubia wanafunzi kuhusu vijidudu na usafi wa vyombo. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga na kokoto chache, nikakitikisa kibuyu mara tatu mpaka jasho likanitoka. Maji yalitoka meusi kama wino, nami (Mungu anisamehe) nikajipongeza.

Siku mbili baadaye, katika chumba cha walimu, nilimuuliza Kiprono kana kwamba ni utafiti tu, ule weusi ndani ya kibuyu ni wa nini.

"Huo ndio mursik yenyewe," alijibu. "Ni makaa ya mti wa senetwet. Mama anasugua, anasugua, miaka. Ukitoa hiyo, umebaki na kopo."

Badala ya kwenda kwa Kogo jioni ile na kupiga magoti, nilichagua kurekebisha kosa kimyakimya. Nikawasha jiko, lakini makaa yalikuwa mabichi kwa ile baridi, nikayamwagia mafuta ya taa. Yalipokolea nikayaponda na kuyasugua ndani ya kibuyu. Kikawa cheusi tena. Nikajaza maziwa, nikafunga kifuniko, na kila usiku nikawa nanusa kifuniko kile na kujiambia kwamba harufu imepungua.

Jumamosi, siku moja kabla ya zamu yangu, mvua ya mawe ilipoanza, Kogo aligonga mlango akihema. Wakwe walikuwa wamefika. Posa ya mjukuu wake Chebet ilikuwa imepangwa wiki iliyofuata, lakini wazee wa upande wa mwanamume, watu wa Sotik, walikuwa wameamua kuja mapema, na mursik ya nyumbani haikutosha.

"Mwalimu, leta ile yako. Nitakurudishia kesho."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache tu: Kogo, imeharibika. Lakini nilimtazama Chebet nyuma yake, kitambaa kipya kichwani, ameshika bilauri mbili, akaninong'oneza, "Asante, Mwalimu, umetuokoa," nami nikampa kibuyu. Kisha nikawafuata, kwa sababu hofu haikuniruhusu kubaki.

Sebuleni walikuwa wamekaa watu kama ishirini. Baba mdogo wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye koti zito, ndiye aliyepewa kikombe cha kwanza. Kogo alikitikisa kibuyu, akamimina. Niliyaona maziwa yakishuka, rangi yake kama maji ya mfereji. Niliwaza: huyu mzee akifa, mimi ni mgeni, nina kibali cha kufanyia kazi na pasipoti kwenye sanduku, nani ataamini kwamba yote yalianza na sabuni? Mzee akainua kikombe. Akanusa. Akasita, kisha kwa adabu ya wageni akameza.

"Msinywe!" nilipiga kelele. "Kuna sumu!"

Nilikusudia kusema mafuta ya taa. Sijui kwa nini ulimi ulichagua lile jingine.

Viti vilianguka. Mama mmoja alianza kulia, kijana mmoja alisimama mlangoni akanizibia njia, na mtu akasema aitwe naibu wa chifu. Chebet alikuwa ameketi sakafuni, amefunika uso kwa mikono.

"Twende," mzee alisema kwa sauti ya chini, akipapasa kofia yake. "Nyumba hii haitutaki."

Hapo nikamwaga yote, sabuni, kokoto, jiko, mafuta ya taa, bila kituo, kwa Kiswahili cha darasani ambacho kilinifanya nionekane mwongo zaidi. Kogo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Aliyepika ataonja," alisema, akanijazia kikombe.

Nilikunywa. Akajaza tena. Nilikunywa vitatu huku watu ishirini wakinitazama kooni, mawe yakipiga bati. Nilisubiri kufa, nawaambia ukweli, ingawa ni mimi niliyejua kilichomo. Kisha tumbo likanguruma, likapanda juu, na mbele ya wakwe wote nikatoa mbwewe ndefu, yenye harufu ya taa ya chemli iliyozimwa.

Mzee alipunga kofia mbele ya pua yake.

"Msimweke karibu na jiko," alisema. "Atalipuka."

Aliyecheka kwanza ni Chebet, kutoka sakafuni, akiwa bado analia. Kisha wakacheka wote, na mzee akaketi tena. Posa ilipita, mimi sikuiona, kwani nilikuwa chooni mpaka jioni.

Kogo hakunifukuza. Kila Jumamosi, kwa miezi, aliniketisha jikoni kwake nichome kijiti cha senetwet na kusugua kibuyu kile mpaka weusi wake urudi, huku Kiprono na Atieno wakija kutazama adhabu yangu na kuniletea chai, na sikupata tena nafasi ya kulala na viatu.

Niliapa kwamba sitaosha tena kitu cha watu kabla sijauliza, na kwamba nikikosea nitasema siku ileile. Desemba, Chebet alipoolewa, nilikaa nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Mursik ilipoletwa, yule mzee alisimama, akaangaza macho ukumbi mzima mpaka akaniona, akaninyooshea kikombe cha kwanza.

"Mwalimu aanze," alisema.