Nusu Yangu ya Lori la Alhamisi

Mimi na mwenzangu wa Kebirigo tulikuwa maadui katika biashara ya ndizi. Kila mmoja alikodi lori lake, na kila lori likaenda Nakuru nusu tupu, yote mawili yakifuatana mlimani na kutapika moshi mweusi. Ujinga ulioje! Lakini ungeniambia hivyo wakati ule ningekufukuza kibandani. Yeye alikuwa ameninyang'anya mteja, na mimi sisahau upesi.

Aliyetupatanisha ni mzee mmoja Mwislamu, mwenye duka Kisii mjini. Lori lake lilikuwa likienda Nakuru tupu kuchukua unga na sabuni. Akasema tulijaze sisi wawili, tugawane gharama, na moshi upungue. Siku ya kupakia tuliitafuta kama mchumba: Ijumaa mzee ana swala, Jumamosi mwenzangu ana Sabato, Jumapili mimi nina misa. Tukaangukia Alhamisi, kupakia Kebirigo. Saa tisa lori linaondoka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Wiki ya tatu nikachelewa mimi. Nilikuwa nimenunua ndizi Nyaramba, mvua ikanyesha, pikapu ikazama kwenye tope. Mikungu imeshakatwa, ikingoja Alhamisi nyingine itaniivia yote mikononi, na wateja wangu wa Nakuru watahamia kwa mwenzangu. Nilijua atakachofanya. Majirani zake walikuwa na ndizi tele za kujaza nafasi yangu. Tulipoichomoa pikapu, njia nzima nilikuwa natunga matusi, na matusi mimi nayajua.

Nilifika Kebirigo saa kumi na nusu, nimelowa chapachapa. Lori lilikuwa bado lipo. Mwenzangu ameketi ndani, upande wangu, juu ya majani makavu ya mgomba aliyonitandikia, anabishana na dereva. Nusu yake imejaa. Nusu yangu tupu kabisa.

"Nimewakatalia watu watatu," akaniambia. "Leta mikungu, dada, kabla huyu hajaniteremsha."

Tukapakia. Niliona aibu, kusema kweli. Siku hizi lori hilo linaondoka limejaa kila Alhamisi na kurudi limejaa unga, na watu husema tuna akili. Tunazo. Ila kuna jambo sijamwambia hadi leo: angekuwa yeye aliyekwama topeni, mimi ningeijaza nafasi yake saa tisa na dakika moja.