Kilichoandikwa Chini ya Kiti

Wifi yangu ana maneno machache na mikono mikubwa, na kwa miaka tisa tangu kaka yangu amuoe nimekuwa nikimtania kwa vyote viwili. Ni haki yangu. Yeye hanijibu. Ananiangalia tu, anatikisa kichwa, anaendelea na alichokuwa anafanya. Kaka yangu analalamika kwamba kila akifua nguo za kazi za mkewe anakuta nati na bolti mifukoni. Siku moja nati iliingia kwenye mashine ya kufulia ikaua pampu. Wifi aliivuta mashine ile sebuleni, akaifungua mbele ya wageni, akaitengeneza, akairudisha mahali pake. Haijawahi kufua vizuri kama sasa.

Kiwandani mimi peke yangu ndiye ninayemwita wifi. Wengine wote wanamwita Kumi na Tatu. Tunatengeneza forklifti za umeme, zile mashine fupi zenye mikono miwili ya chuma mbele, za kubebea na kupandisha mizigo ghalani. Yeye ni fundi, mimi ni dereva wa majaribio: kila mashine inayotoka karakana, wa kwanza kuikalia ni mimi. Jina la Kumi na Tatu alilipata kwa ubishi. Wasanifu wa ghorofani walitaka betri za mashine mpya ziwe zimefungwa kwa gundi moja kwa moja, kipande kimoja kikifa ndani unatupa betri nzima. Yeye akasimama kwenye kikao, mtu asiyesimamaga, akasema mashine yake itafunguka yote, kuanzia kiti mpaka betri, kwa spana moja tu, namba kumi na tatu. Walimcheka. Mimi pia nilicheka, nakiri.

Lakini mimi nilijua ubishi ule umetoka wapi. Kabla ya kuwa fundi alikaa miaka sita uwanja wa nyuma, kazi yake kukata mashine kuukuu kwa moto wa gesi ziuzwe kama vyuma chakavu. Aliwahi kuniambia tukianua nguo nyumbani kwao.

"Wifi, nimekata mashine mia mbili na kitu. Unajua zilizokuwa zimekufa kweli ni ngapi?"

"Ngapi?"

"Hata kumi hazifiki. Zilizobaki zilikuwa zinaumwa sehemu moja tu. Betri imechoka, basi, kata yote. Sasa mtu akiumwa jino unamzika?"

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja.

Mwishowe wakubwa walimpa mashine moja. Moja tu. Ilikuwa forklifti ya miaka kumi na tano, imechubuka kila upande, sote tulikuwa tunaiita Bibi. Aambatishe betri ya kisasa kwenye mwili ule wa zamani, abadilishe nyaya na breki, kisha mkaguzi kutoka makao makuu aje kuipima. Bibi akipita, nyingine arobaini zilizokuwa zimepangwa uwanjani zinafufuliwa moja baada ya nyingine, na wifi anapewa karakana yake. Bibi asipopita, arobaini zote zinakatwa, na wa kuzikata ni yeye, maana nafasi ya uwanja wa nyuma ilikuwa bado wazi. Hawakumficha. Walimwambia hivyo hivyo.

Miezi miwili alilala na kuamka na Bibi. Mama yangu alipoenda kumtembelea alirudi na malalamiko kwamba mkwe wake amemkaribisha vizuri sana, ila chai imekorogwa kwa bisibisi. Sijui kama ni kweli. Mama huwa anaongeza chumvi.

Siku ya jaribio la kwanza tulikuwa watatu ghalani: mimi, wifi na meneja wa karakana. Boksi la betri lilikaa juu ya roli ndogo za chuma. Unafungua bolti nne, unalivuta kwa pembeni, unasukuma jingine lililojaa chaji, unaendelea na kazi. Huhitaji winchi, wala kungoja. Wifi alitaka meneja aone kwamba dereva anaweza kubadilisha betri mwenyewe. Boksi la kwanza lilikuwa zito, tulilivuta wawili tunahema. La pili alilitoa kwenye meza ya mafundi wa umeme, walikokuwa wanalitumia kupimia chaja. Hilo liliteleza kwa mkono mmoja.

"Hee!" meneja akasema. "Hili hata shangazi yangu analisukuma."

Tukacheka. Hata wifi alicheka, na yeye hacheki ovyo.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na sote watatu tulikuwa tunalipigia makofi. Forklifti haianguki mbele ikibeba mzigo kwa sababu ina uzito nyuma yake. Betri ya zamani ya Bibi ilikuwa na kilo mia nane, na zote hizo zilikuwa zinasaidia kumkalisha chini. Betri mpya ina kilo mia tatu na nusu. Kwa hiyo wifi alikuwa amepanga vyuma vya kufidia uzito, kilo mia nne na nusu, kwenye sakafu ya boksi lile la kwanza. Boksi la meza ya umeme halikuwa na vyuma. Nani angejua hilo kuliko yeye, aliyevikata mwenyewe? Lakini miezi miwili alikuwa anapigania boksi liwe jepesi, na lilipoteleza vile alifurahi mpaka akasahau.

Nikapanda, nikafunga mkanda, nikaingiza mikono ya Bibi chini ya paleti ya mifuko ya mchanga, tani moja na nusu. Nikaanza kupandisha. Nilipofika usawa wa rafu ya pili nikahisi usukani umelegea. Kwenye forklifti magurudumu ya usukani yako nyuma. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, maana yake magurudumu yale hayagusi tena sakafu.

Tumefundishwa: usiruke, usikanyage breki. Shusha mzigo polepole. Nikashusha. Nilikuwa naiona sakafu mbele yangu mahali ambapo haikupaswa kuwa, na paleti inayumba. Kisha nyuma ikarudi chini kwa kishindo, meno yangu yakagongana.

Nikashuka nikamtukana wifi yangu. Siyaandiki hapa niliyomwambia, mama anaweza kusoma. Yeye alikuwa amesimama pale pale, amelitazama boksi, rangi imemtoka usoni.

"Kosa ni langu," akasema. "Vyuma viko kwenye lile jingine."

Meneja alijifuta jasho. Si mtu mbaya meneja wetu, ila anapenda amani kupita kiasi. "Hakuna aliyeumia," akasema. "Rekebisha. Na jambo hili tusiliandike popote. Mkaguzi anakuja baada ya siku tisa. Akisikia mashine imenyanyuka hatauliza sababu, ataandika hapana, na wewe utarudi kwenye gesi. Tumeelewana?"

Mimi nilisema tumeelewana. Hasira yangu ilikuwa imeshaanza kupoa, na sikutaka kumwona amerudi uwanja wa nyuma. Yeye alikuwa ameshatoa spana, anafungua boksi.

Siku tisa zile alifanya kazi ambayo wengine wangeomba wiki sita. Alivitoa vyuma vyote kwenye boksi la kwanza. Akachomelea fremu ndani ya mwili wa Bibi, nyuma ya chumba cha betri, akavipanga mle na kuvibana kwa bolti. Sasa uzito ulikuwa wa mashine yenyewe. Boksi lolote lingeingia, jepesi lilivyo, Bibi asingejali. Bolti zote, namba kumi na tatu. Kaka yangu alimletea chakula karakana, wifi akakila amesimama. Nilimtania kwamba atasahau sura ya mumewe, akanitikisia kichwa kama kawaida.

Asubuhi ya mkaguzi nilifika mapema nikague mashine. Kwetu kuna desturi ya mafundi: anayemaliza mashine hugeuza kiti, akaandika kwa rangi nyeupe upande wa chini amefanya nini na lini, kisha anaweka alama yake. Madereva hatuandiki. Ni mambo yao, na kusema kweli wengi huandika majigambo tu. Nilimkuta mmoja siku moja ameandika "kazi safi kuliko zote" chini ya kiti cha mashine iliyorudi baada ya siku nne.

Nikageuza kiti cha Bibi nione wifi amejigamba vipi. Nikasoma. Nikasoma tena. Nikaenda kumtafuta.

"Wifi, umerogwa?"

"Umeona."

"Futa! Mkaguzi anafika saa hii. Unataka kujikatia mashine arobaini mwenyewe?"

"Sifuti."

"Mimi ndiye niliyekuwa juu ya mashine, na mimi nimenyamaza kwa ajili yako. Wewe ni nani usinyamaze?"

Akaweka chini kitambaa alichokuwa anajifutia mikono. "Bibi atafunguliwa tena," akasema. "Miaka mitano, miaka kumi, sijui. Nimemtengeneza ili afunguliwe. Huyo atakayemfungua ataona vyuma vimejazana nyuma, atasema huyu fundi alikuwa mjinga, betri nyepesi halafu anabeba vyuma vya nini? Atavitoa. Halafu atamkalisha dereva. Nilikuona pale juu, wifi. Tangu siku ile kila nikifumba macho nakuona."

Nikaondoka nikijifanya naenda kuangalia matairi.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mfupi mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani, na nadhani ya kichwani alikuwa ameisahau. Meneja alimpokea kwa ripoti nadhifu, kurasa kumi na mbili. Akaipitisha macho akaiweka kwapani. Kisha, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, akaenda moja kwa moja kwa Bibi na kugeuza kiti. Kumbe naye aliwahi kuwa fundi.

Akasoma kwa sauti.

"'Jaribio la kwanza, tani moja na nusu, nyuma ilinyanyuka. Kosa langu. Uzito niliuweka kwenye boksi, nikaingiza boksi lisilo na uzito. Sasa uzito uko kwenye mwili wa mashine. Wewe unayefungua, usiutoe. Kumi na Tatu.'"

Meneja akaanza kuangalia dari kana kwamba paa linavuja.

"Dereva alikuwa nani?" mkaguzi akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Kwenye ripoti sioni jambo hili."

Wifi alikuwa amesimama wima, mikono yake mikubwa imening'inia ubavuni, na nilijua anachokifikiria. Anasikia harufu ya gesi.

"Na boksi lenyewe lisilo na uzito bado lipo?"

"Ndilo lililomo sasa hivi," wifi akajibu. "Yote mawili yako hivyo siku hizi."

"Basi nataka mzigo ule ule, urefu ule ule. Na zaidi kidogo."

Wifi akawa wa kwanza kusogea. Akashika mpini, akaweka mguu kwenye ngazi ya Bibi.

"Nitaendesha mimi," akasema.

"Wewe unakwenda wapi?" nikamwambia. "Huna hata leseni."

"Nimeitengeneza mimi."

"Na kuendesha ni kazi yangu. Shuka, wifi. Shuka bwana, unanichelewesha."

Akashuka. Nikapanda. Sitaki kudanganya, mkanda niliufunga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikosa tundu. Nikaingiza mikono chini ya paleti. Nikapandisha. Rafu ya kwanza. Rafu ya pili, pale pale, nikaushika usukani kwa vidole vitatu nikisubiri ulegee.

Haukulegea. Nikapandisha mpaka ya tatu, tani moja na nusu juu ya kichwa changu, usukani umebaki mzito. Nikaukata kushoto, nikaukata kulia, magurudumu ya nyuma yakakwaruza sakafu kwa sauti iliyosikika ghala zima. Mkaguzi alikuwa amepiga magoti, shavu karibu liguse chini, anaangalia kama kuna mwanga unaopita chini ya tairi. Hakukuwa na mwanga.

Niliposhusha mzigo, akanyoosha mkono bila kusema kitu. Wifi akaelewa. Akatoa spana mfukoni akampa. Mkaguzi alifungua kifuniko, chumba cha betri, boksi lenyewe, fremu ya vyuma. Kila mara nilidhani ataomba spana nyingine. Hakuomba.

"Arobaini," akasema mwishowe, akirudisha spana. "Na maneno haya ya chini ya kiti yachapwe kwenye kitabu cha kila moja." Kisha akachomoa ripoti kwapani akamrudishia meneja. "Hii andika upya."

Wifi aliitikia kwa kichwa tu. Walipotoka ndipo akakaa chini, sakafuni kabisa, mgongo kwenye gurudumu la Bibi, akalia. Nikakaa naye. Sikumtania.

Alipomaliza nilichukua kopo lake la rangi na brashi. Nikageuza kiti. Tangu nianze kazi ile sijaona dereva akiandika pale, na sikumwomba mtu ruhusa. Chini ya maneno yake nikaandika:

"Siku ile na leo, niliyekaa hapa ni mimi. Panda, usiogope. Dereva."

Wifi akainuka akasoma polepole, akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, akasoma tena.

"Mwandiko wako, wifi," akasema. "Kuku wangetuandikia vizuri zaidi."

Miaka tisa nilikuwa nasubiri anitanie. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akanisubiri nimalize. Kisha akafunga kiti, akakaza bolti zake, akatia spana mfukoni, tukaenda uwanjani kuchagua mashine ya pili.