Kinyozi na Ndevu za Breki

Miaka nenda rudi, kinyozi alimsindikiza mkewe kanisani hadi getini, kisha akarudi zake. Hakuwa mkorofi. Watoto wake walibatizwa naye akiwepo, tena ndani ya suti. Ila ukimgusia habari za ibada, jibu lake lilikuwa moja: "Mle ndani mimi nitafanya nini? Kuimba sijui, kuhubiri sijui, na viti mmeshapanga." Mkewe akawa anaingia peke yake.

Ndipo Breki akapatwa na kiharusi. Breki lilikuwa jina la utani la dereva mstaafu wa malori, jirani yao, mjane mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima na muumini wa siku nyingi wa kanisa lile. Sasa upande wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi, ulimi mzito. Akina mama wa kanisa walimpikia, wakamfulia, wakamfagilia. Lakini kila walipogusia kumwogesha, mzee aligeukia ukutani, akaling'ang'ania shuka.

"Baba," mkewe alimwambia kinyozi wakinywa chai, "yule mzee anaona haya. Ndevu zimemfunika uso. Chukua vifaa vyako uende."

"Si kuna watu wa kanisa?"

"Kwani ndevu zina dini?"

Kinyozi akafungasha vifaa vyake. Akaenda. Alimkuta mwalimu mmoja mwanakwaya akihangaika kumgeuza mzee kitandani kama mtu anayesukuma kabati.

"Afadhali! Umeletwa na Mungu, ndugu yangu."

"Nimeletwa na mke wangu," kinyozi alijibu, akikunja mikono ya shati.

Wakamwogesha pamoja, mlango umefungwa. Kisha kinyozi akamwekea taulo la moto usoni, akapaka povu, akalivuta kwa vidole lile shavu lililolegea, maana ngozi isiyohisi haimwambii mtu kuwa imekatwa. Alipiga soga za mpira kama yuko dukani kwake. Breki hakujibu, ila nusu ya mdomo wake ikacheka, halafu machozi yakamtoka.

"Povu hili kali," kinyozi alisema, akampangusa upesi. Mwalimu akatazama dirishani.

Basi ikawa kila Jumamosi. Fundi bomba mmoja wa mtaani naye akaja, akafunga chuma cha kushikilia bafuni. Akabaki kwa maongezi. Siku moja mzee akakusanya nguvu, akatamka: "Ka-ni-sa."

Jumapili wakamsukuma hadi huko. Kiti cha magurudumu kikagoma kwenye ngazi, wakamnyanyua juu kwa juu. Ndani, Breki akawa anainamia upande, ikabidi kinyozi akae ubavuni mwake amshikilie. Alijiambia ataondoka wimbo wa kwanza ukiisha. Wimbo ukaisha, mzee keshalala begani kwake fofofo. Atamwachia nani? Akaketi mahubiri yote. Mkewe, aliyekuwa kwenye kwaya, alipomwona akapotea njia katikati ya ubeti, wenzake wakamkanyaga mguu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kunyolewa, Breki alimshika mkono wa shati. "Omba," akasema.

"Mimi? Ngoja nikuitie mchungaji."

Mzee hakumwachia. Kinyozi akakohoa, akatazama viatu vyake. "Mungu, huyu ni jirani yangu. Ni mbishi, unamjua mwenyewe. Usimwache. Amina."

"Amina!" Breki akaitikia, kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu augue.

Alifariki mvua zilipoanza. Wanaume wale wale ndio waliomwosha na kumvika, na kinyozi akamnyoa kwa mara ya mwisho, polepole, bila soga. Alilia bila kujificha.

Baada ya mazishi mchungaji alimsogelea, akamwambia kuna seremala ameanguka kutoka darini, amelala tu nyumbani, hana wa kumshika mkono. Kinyozi aliuliza nyumba iko wapi, kisha akamwita mwalimu: "Jumamosi upo?"