Kamba ya Madoa

Asubuhi ile haikuwa na jambo. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane, zabibu zimeiva, na upepo wa Nkuhungu unapitisha vumbi jepesi juu ya mabati kama mtu anayepepeta unga. Emilia aliamka kwanza, kama siku zote. Alichemsha chai ya tangawizi, akakifunika kikombe cha mumewe kwa kisahani, akatoka na ndoo kumwagilia mchicha. Mzee Gideoni alipotoka nje, mkewe alikuwa ameshapanga matenga matupu kwenye pikapu, kitenge cha pili kiunoni, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

Gideoni akaenda nyuma ya gari kufunga kamba.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, hiyo moja tu. Komeo la mlango wa nyuma lilivunjika miaka sita nyuma, na fundi alisema jipya litatafutwa. Lilikuwa bado linatafutwa. Basi Gideoni akasuka kamba ya magome ya mbuyu, kwa msuko ule ule aliofungia ndama utotoni, na tangu hapo kila asubuhi akaufunga mlango kwa mkono wake. Kuendesha hakujua. Kusoma vibao vya barabarani hakujua. Kamba aliijua.

Siku ile aliivuta sana. Emilia, mkono mmoja kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani, akasema neno dogo juu ya ile kamba. Gideoni hakujibu. Aliguna tu, kama mtu anayejua kwamba jioni ipo.

Gari likakohoa mara mbili, likawaka, likaondoka.

Jioni Emilia alirudi na kichwa kinamuuma. Presha, walisema hospitali. Alhamisi wakamzika.

*

Emilia alikuwa mtu wa Mlali, binti wa mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi. Shule aliishia darasa la nne. Alipoolewa na Gideoni, ambaye shule hakuiona hata ya siku moja, yeye ndiye akawa macho ya nyumba: barua za kanisani, karatasi za zahanati, maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea, vyote alivisoma kwa sauti huku mumewe akitazama moto. Hakumcheka hata siku moja. Akifika kwenye neno gumu alikuwa anasema, "Hili hata mwandishi mwenyewe halijui," wakapita.

Miaka mingi aliuza zabibu kwa beseni, kando ya barabara, kichwani kanga, miguuni vumbi. Alipotimiza miaka arobaini na minane, wanawake wa kikundi chake wakamshika mkono, akanunua pikapu lililokwisha zunguka dunia. Rangi yake nyeupe ilikuwa imebanduka hapa na pale, ikaacha viraka vya kahawia. Emilia akalizunguka, akalipiga kofi ubavuni kama anavyopigwa ng'ombe mpya anapoingia zizini, akasema jina lake ni Madoa. Kwao ng'ombe waliitwa kwa rangi zao, na yeye hakuona sababu ya kubadili utaratibu.

Mwalimu wa udereva alimwambia, "Mama, umri huu si wa kushika usukani, ni wa kushika wajukuu." Akamjibu, "Wajukuu sina bado. Nipe huo usukani nishike wakati nasubiri." Akafaulu mara ya pili.

Tangu hapo ilikuwa yeye na Madoa. Chinangali alfajiri kupakia zabibu, mjini saa tatu, na siku nyingine hadi Kibaigwa kurudi na mahindi. Njiani alikuwa na kituo kimoja kisicho na faida: Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona. Alikuwa akiwaachia tenga moja kila msimu. Watoto walimtambua Madoa kwa kikohozi, kabla hajafika getini, wakapiga makofi. Emilia alikuwa anasema hao ndio wateja pekee wasiobinya zabibu kwa macho.

Gideoni alikwenda naye mara chache. Alikaa kushoto, mikono magotini, akitazama nchi ikirudi nyuma: mawe, miiba, mawingu meupe yaliyosimama. Harufu ya zabibu ilijaa ndani kama pumzi ya mtu aliyelala. Hawakuzungumza. Hawakuwa na haja.

*

Mwezi wa kumi na moja Madoa alikuwa bado amesimama uani pale alipoachwa. Matairi yalianza kulala. Kuku mmoja mwekundu alitaga chini ya kiti. Kila asubuhi Gideoni alikuwa akifungua mlango wa kushoto, akikaa, akiufunga taratibu. Kiti cha kulia hakukigusa. Jua likipanda juu ya ukuta, lilipenya kwenye kioo chenye vumbi, na ndani kukawa kama ndani ya asali. Hapo alisinzia. Mara nyingine alisikia gea ikibadilishwa. Hakufungua macho kuangalia.

Mwanawe Rodgers alimkuta hivyo Jumapili moja. Rodgers alikuwa fundi umeme, ana pikipiki yake, na gari hakulihitaji. Alisimama dirishani.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Gari lisilotembea linakufa, baba. Mvua ikishuka, bodi yote itakwisha kutu. Tuliuze."

Gideoni alitazama mbele, kana kwamba kulikuwa na barabara.

"Damas wa spea amelitazama," Rodgers akaendelea. "Anasema likikatwa linalipa kuliko likiuzwa zima. Injini peke yake, gea peke yake, milango..."

"Hapana."

"Baba..."

"Mama yako hakuchinja ng'ombe anayetembea."

Rodgers akafuta vumbi la kioo kwa kiganja. Mahakama ya mwanzo ilikuwa imeshawapa barua ya mirathi. Kilichobaki ni neno la baba. "Sawa," akasema mwishowe. "Tutafute mtu wa kuliendesha. Lakini mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baba. Asipopatikana, namwita Damas. Siwezi kuja hapa kila Jumapili nikakukuta umo humu."

Gideoni akaitikia kwa kichwa. Wiki tatu.

Kwanza Rodgers alipiga picha, akaziweka mtandaoni na namba ya baba yake. Simu zikaanza kulia. Wote walikuwa na swali moja: bei ya mwisho? Hakuna aliyeuliza gari linaitwaje. Mmoja wa mbali alisema atalichukua bila kuliona, akang'oe vioo na milango auze. Gideoni alikata simu kwa kuibonyeza kila mahali mpaka ikanyamaza.

Wiki ya pili akaja dalali, Msafiri, kijana wa maneno matamu na viatu vyenye ncha. Akalipeleka Madoa kwenye yadi, akaliosha, akapaka viraka rangi, akaning'iniza kichupa cha manukato. Gideoni alipokwenda kutazama, alipita mara mbili bila kulitambua. Akaingia akakaa kushoto. Mteja wa kwanza alipofungua mlango wa kulia, alimkuta mzee mle ndani.

"Shikamoo, mzee. Gari zima hili?"

"Geji ya mafuta inadanganya," Gideoni akamwambia. "Ikisema nusu, hakuna kitu. Kioo cha kwako unakipandisha kwa viganja. Na mlimani halitaki gea ya tatu. Usililazimishe."

Mteja alishukuru akaenda zake. Wa pili naye akaambiwa hivyo hivyo, na habari ya radieta juu yake. Wa tatu hakufika mlangoni, alikuwa amesikia.

Msafiri alishika kiuno. "Mzee wangu, wewe umekuja kuuza gari au kulitangazia msiba?"

"Umelipaka rangi."

"Ndiyo biashara!"

"Ng'ombe hapakwi rangi," Gideoni akasema. "Mwenye ng'ombe anakwambia: huyu anapiga teke, huyu anataka kuimbiwa ndio atoe maziwa. Ukimnunua, umemnunua unamjua."

"Basi mpeleke mnadani," Msafiri akacheka, "labda atapata dume."

Alisema kwa mzaha. Gideoni aliondoka na neno lile, akalala nalo, akaamka nalo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Rodgers alilitoa gari yadi, akaliendesha hadi mnada wa Msalato, uso umekunjamana kwa aibu, kwa sababu baba yake hakutaka gari lisimame upande wa magari. Lilisimama mwisho wa safu ya ng'ombe, na Gideoni akachukua nafasi yake mbele ya taa, fimbo begani.

Watu wakapata la kucheka.

"Mzee, huyu wako ana mimba ya miezi mingapi?"

"Ananyonyesha! Si unaona anavyovuja hapo chini?"

"Hebu mfungue mdomo tumhesabu meno!"

Rodgers akajificha nyuma ya kioo cha simu. Gideoni alisimama tu. Jua likapanda, vumbi la kwato likasimama hewani kama pazia jekundu, na sauti za mnada zikaenda mbali, zikarudi, zikaenda tena. Ndani ya pazia lile alimwona mwanamke anakuja, kanga kichwani, beseni kiunoni. Halafu akawa mwanamke mwingine.

Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mtulivu. Alijitambulisha kwa jina la Shamila, mtu wa Chemba, mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji. Alikuwa amechoka kukodi magari ya watu. Kuku walikuwa wakimfia njiani huku dereva akinywa soda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuuliza bei. Alilizunguka Madoa polepole. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Anaumwa nini?" akauliza.

Gideoni akamtazama. Halafu akamwambia yote: geji, kioo, gea ya tatu, radieta, kikohozi. Akamwonyesha rangi ya Msafiri na mahali ilipofichia kutu. Na kwa kuwa yule binti bado alikuwa anasikiliza, akamwambia na mengine, kwamba akipita Buigiri apunguze mwendo, kuna watoto wanaomjua Madoa kwa sauti. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizotoa tangu mazishi. Rodgers alishusha simu.

Shamila akaomba liwashwe. Likakohoa mara mbili. Alifumba macho akasikiliza. Kisha akampigia mama yake simu, akazungumza naye Kisandawe, maneno yakialika mdomoni kama kuni kavu zinazovunjwa. Akageuka.

"Mama ananiuliza, kwa nini mtu amseme vibaya hivi mnyama wake?"

"Mwambie si wangu. Ni wa mke wangu. Yeye angesema ukweli."

Shamila akayatafsiri hayo. Akasikiliza, akakata simu.

"Mama anasema nimchukue."

*

Jumatatu waliandikishana kwa mwanasheria. Rodgers akatia sahihi kama msimamizi, Gideoni akaweka dole gumba. Kisha wakarudi Nkuhungu, maana Shamila alikuwa ameacha matenga yake hapo. Walipakia kumi na mawili, matupu. Wakaagana. Shamila alipokwenda kunawa mikono bombani, Gideoni akazunguka nyuma ya gari, akaifungua kamba ya mbuyu, akaiviringa, akaitia kwapani.

Hakuwaza. Ndivyo alivyolelewa. Mwenye ng'ombe huuza ng'ombe, kamba hubaki. Baba yake alikuwa anasema ukitoa na kamba, umetoa na zizi. Mnunuzi huja na ya kwake.

Madoa aliondoka. Gideoni alisikiliza kikohozi kikienda, kikipungua, kikifika kwenye kona ya kanisa. Alitaka kukisikia mpaka mwisho wake. Badala yake alisikia kishindo, halafu tenga, na tenga, na tenga, na vicheko vya mtaa mzima.

Gari likarudi kinyumenyume hadi getini, mlango wa nyuma umening'inia kama taya la mtu aliyeshangaa. Shamila akashuka, ameshika kiuno.

"Babu! Umeniambia maradhi yote ya gari hili, hata ya kikohozi. La mlango ukaniachia nilijue mwenyewe?"

Gideoni alitazama mlango. Akatazama kamba kwapani kwake. Akaeleza, kwa maneno machache, habari ya ng'ombe na kamba.

"Sasa babu," Shamila akasema, akijizuia, "mimi kamba ya kujia nayo ningeitoa wapi? Nimenunua ng'ombe wa matairi!"

Rodgers ndiye aliyeanza kucheka. Halafu sauti ngeni ikatoka, kavu, imekaa muda mrefu bila kazi; na Rodgers alipogeuka akaona ni baba yake.

Shamila akanyoosha mkono kuipokea kamba. Gideoni hakuitoa. Aliingia ndani, akaitundika kwenye msumari, juu ya kitanda, upande wa Emilia. Akatoka na kigoda na fungu la magome yaliyolainishwa.

"Kaa," akamwambia. "Hii ni ya nyumba. Nakusukia yako."

Basi akasuka. Shamila alikunywa chai. Mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yamejipanga juu ya mji, ya kijivu, hayana haraka, na upepo ulinukia udongo wa mbali. Vidole vya mzee vilikwenda vyenyewe: juu, chini, vuta, juu, chini, vuta. Kamba ikaisha.

Akaenda nyuma ya Madoa, akaufunga mlango kwa mara ya mwisho. Akaivuta kamba, akaivuta tena.

"Kaza, babu," Shamila akasema. "Njia ya Chemba ina mashimo."

Mkono wa Gideoni ukasimama. Alikaa hivyo kitambo, kichwa kimeinama, kama mtu aliyeitwa kutoka mbele ya gari. Kisha akailegeza kamba kiasi cha kupita kidole kimoja, na hapo ndipo akaifunga fundo.

"Kulikoni?" Shamila akauliza.

"Mke wangu alisema. Asubuhi ile. Sikumjibu."

"Alisemaje?"

Gideoni alimwambia, bila kuongeza wala kupunguza, kama alivyolisikia kutoka dirishani:

"Baba Rodgers, usikaze hivyo. Zabibu nazo zinapumua."